Polepole na Gari la Ughaibuni

Mume wangu ni dereva wa basi la shule, na mtaani wanamwita Polepole. Jina hilo walimpa wazazi wa watoto. Kona ndogo tu anapunguza mwendo, na akifika kwenye matuta utadhani kabeba mayai. Mimi nashona sare za watoto hao hao anaowabeba, kwa hiyo sifa zake nazipokea mlangoni kwangu kila siku: "Mama, mumeo ni dhahabu." Nami kichwa kinavimba.

Binti yetu aliyeolewa ughaibuni ndiye aliyetuita tukapumzike. Akatukodia gari, akasema, "Zungukeni wenyewe muone milima na maziwa, mfaidi uzee wenu." Uzee! Nilimwambia uzee anao babake, mimi bado mbichi.

Kule kila kitu kinyume. Usukani uko kushoto, unaendesha upande wa kulia wa barabara, na magari yanayokuja yanakupita kushoto kwako. Polepole alicheka tu. "Gari ni gari," akasema. Mwanzoni tulikwenda vizuri. Barabara zilikuwa tupu, mimi nimekaa kuliani kwake namenya machungwa na kumlisha, kama maharusi. Nilikuwa na raha jamani, sitaki kusema uongo.

Tukafika nje ya mji mmoja, kwenye mzunguko wa barabara. Lori jekundu lilikuwa linakuja kutoka kushoto, kubwa kama nyumba. Nikaliona. Nikajua na yeye ameliona, maana nani asiyeona nyumba ikitembea? Polepole akaingia.

"Baba watoto!"

Alikanyaga breki baada ya sauti yangu, si kabla. Lori likatupita puani, dereva wake akipiga honi na kutoa matusi ambayo nashukuru sikuyaelewa. Machungwa yote yalikuwa miguuni.

Tukajikokota hadi kituo cha mafuta, akazima gari.

"Hukuliona?" nikamuuliza.

"Jua lilinipiga machoni."

Jua gani? Mawingu yalikuwa yametanda tangu asubuhi! Nikashuka, nikazunguka hadi dirishani kwake, upande wa kushoto, nikamwambia atazame mbele asigeuke. Nikainua mkono kando ya uso wake, nikauchezesha pale ambapo hata kuku angeshtuka.

"Unaona nimeinua nini?"

"Kwani umeinua kitu?"

Mungu wangu! Nikamwambia aseme ukweli.

Akasema yote. Presha ya macho. Jicho la kushoto limekufa kabisa tangu mwaka juzi. Na huyu ni mtu ninayelala naye kitanda kimoja! Kila tukikaa sebuleni huniambia, "Hamia upande huu mama, nikuone vizuri," nami nawatambia majirani kwamba mapenzi yetu hayazeeki. Kumbe!

"Na kwa daktari wa leseni ulipitaje?"

"Aliniambia nifunike jicho moja nisome, kisha nifunike la pili. Nikabadilisha mkono, nikafunika lile lile."

Nilitaka kucheka, nilitaka kumzaba kofi, vyote kwa pamoja. "Na watoto wa watu, baba watoto?"

"Kwetu magari yanakuja kutoka kulia, upande ninaoona. Ndiyo maana naenda polepole." Akanishika mkono. "Nikiacha basi nitakuwa nani, mama? Niache nimalize mwaka. Usiniumbue."

Nilimhurumia, si mchezo. Mtu huyu huosha lile basi kuliko anavyojiosha mwenyewe. Lakini nikatoa simu. "Unapiga wewe au napiga mimi?"

Nikapiga. Mwalimu mkuu alipokea kwa furaha, akataka habari za safari. Nikamkatiza. "Mwalimu, tafuta dereva mwingine. Mume wangu haoni jicho la kushoto. Asiliguse tena hilo basi."

Polepole alikuwa ameinamia usukani. Baadaye akainua kichwa.

"Mwambie kuna katoto ka darasa la kwanza," akasema. "Kale kanakoishi nyumba ya kona. Kakishuka huwa kanapita ubavuni, kushoto, karibu kabisa na gurudumu. Huyo dereva mpya akaangalie."

"Wewe ulikuwa ukikaangaliaje?"

"Nilikafundisha kagonge bodi la basi kakishapita. Nikisikia kamegonga, naondoa gari."

"Na kasipogonga?"

Alitazama mbele, kwenye pampu za mafuta. Simu bado ilikuwa hewani mkononi mwangu, mwalimu akisikia.

"Kuna siku kanasahau," akasema. "Basi nasubiri kidogo, halafu naondoka hivyo hivyo."