Ndege Aliyonunua Kaka Yangu

Kaka yangu haniiti tena kwa jina. Akilazimika kunitaja mbele ya watu, husema "yule."

Sisi ni watoto wa mkulima wa mahindi na maharage, Endasak. Mimi nilisomea urubani, nikawa narusha ndege ndogo za kubeba wagonjwa. Yeye alikodi mashamba ya ngano upande wa Basotu, yakamkubali, akaanza kutamani ndege yake mwenyewe ya kunyunyizia dawa. Mzee mmoja mwenye shamba jirani alikuwa anauza ya kwake. Kaka akanipigia simu: "Njoo uirushe tu, tumalize."

Niliikuta kwenye nyasi za uwanja, inang'aa kama sahani mpya. Rangi hiyo ndiyo iliyonitia shaka. Ndege ya dawa ina kazi chafu. Anayeipamba siku za kuiuza ana jambo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiye rubani huyu?" Alimuuliza kaka, si mimi.

Nikatoa bisibisi ili nifungue vifuniko vya chini ya bawa. Skrubu zilikuwa zimezibwa na rangi, nikaanza kuikwangua kwa kisu. Mzee akafoka: "Unaharibu mali ya watu! Kijana, dada yako hakufundishwa adabu?"

Kaka akanikamata mkono, akanibana. "Unaniaibisha. Huyu ni mtu mzima."

Nikauchomoa mkono wangu, nikafungua. Kiota cha panya kikaniangukia miguuni, harufu ya mkojo ikanijaa puani. Nikamulika ndani kwa simu. Mkojo ulikuwa umeula mhimili unaobeba bawa zima. Nilipougusa kwa ncha ya bisibisi ulibanduka magamba, ukamwaga unga mweupe. Mhimili huo ukikatika angani, bawa linang'oka, nawe unalifuata chini.

"Siirushi," nikamwambia kaka. "Na wewe usiinunue."

Mzee akacheka. "Mwanamke kaogopa panya!"

Kaka naye akacheka. Uongo wa mzee nimeshauzoea, wauzaji ndivyo walivyo. Kicheko cha kaka sijakisamehe.

Aliinunua. Kabla haijaruka, ilibidi fundi aje kutoka Arusha kuikagua. Fundi akakuta vipande vya chuma kwenye chujio la oili, maana yake injini ilikuwa inajisaga yenyewe. Akafungua mabawa yote mawili, akafunga mkoba wake, akakataa kuipitisha. Kaka alikwenda kwa mzee kudai haki yake. Mzee alimjibu akiwa getini, hakumkaribisha hata ndani: "Dada yako alikuambia, ukasikia, ukanunua. Sasa unataka nini kwangu?"

Krismasi mama alitukalisha meza moja akitaka tupatane. Kaka hakuinua macho.

"Ungeng'ang'ania ungenizuia," akasema. "Ulinyamaza ili watu wanicheke."

"Nilikuambia usiinunue. Ulitaka nikufunge kamba?"

"Ulitaka nianguke."

"Ningetaka uanguke ningekuambia ni nzima, nikakuacha uipande."

Akasukuma kiti, akaondoka. Tukasikia pikipiki yake ikiteremka kwa hasira. Mama akanitazama kama vile mimi ndiye niliyemfukuza, akasema, "Na wewe mdomo wako!"

Nikavuta sahani ya kaka, nikala nyama yake yote.