Mlango wa Chumba cha Bibi

Marehemu mjomba, Mungu amrehemu, alikuwa seremala miaka thelathini na minane. Futi kamba alikuwa nayo, ila alipima kwa dole gumba, akaigonga mbao kama anayebisha hodi, akasikiliza, kisha akakata. Mgongo ulipomshinda, alitangaza kwamba ufunguo wa karakana atampa mpwa wake, lakini kwanza kijana atengeneze mlango wa chumba cha bibi yake, na uwe umemridhisha bibi mwenyewe.

Mpwa alikuwa ametoka chuo cha ufundi na cheti chake. Ufunguo ule aliutaka kuliko kitu chochote. Akachora mlango kwenye karatasi kubwa, vipimo mpaka milimita. Ulikuwa wakati wa kiangazi. Mlango ukaingia kwenye fremu kama kizibo kwenye chupa. Hata unywele haukupita.

"Umekaa vizuri," mjomba alisema, akiupapasa ukingo. "Na mbao umeiuliza?"

"Mjomba, hesabu haidanganyi."

"Hesabu sijaigusa mimi. Nimeuliza mbao."

Mpwa alicheka kimoyomoyo. Maskini mzee wa watu, shule aliishia darasa la nne.

Mvua zikaanza. Wiki ya tatu, asubuhi, bibi akagonga kutoka ndani. Mlango ulikuwa umevimba, umeng'ang'ania fremu. Mpwa akausukuma kwa bega, akausukuma kwa mgongo, wapi!

"Mume wangu," bibi aliita, maana ndivyo alivyomtania mjukuu wake tangu azaliwe, "kwenye ule mchoro wako, mimi natokea wapi?"

"Subiri kidogo, bibi."

"Nasubiri. Sala ya asubuhi nimemaliza, sijui nianze ya mchana?"

Mjomba alikuja polepole, mkono kiunoni. Mpwa alijua ufunguo umekwenda na maji. Mzee hakugomba. Alimpa bisibisi, akamwonyesha dirisha. Kijana akaparamia, akatanguliza kichwa, akaangukia kitandani kwa bibi.

"Karibu," bibi alisema. "Wenzako huingilia mlangoni."

Mpwa akafungua bawaba, mlango ukang'olewa, ukalazwa juu ya meza.

"Tazama panapong'aa," mjomba alimwambia. "Hapo ndipo panapobana."

Mpwa akapiga randa, kidogo kidogo. Mjomba akauchukua ule mchoro.

"Leo mbao imeshiba maji. Karatasi ikipita bila kukunjwa, inatosha. Ukitengeneza kiangazi, ikunje hivi mara tano, uache nafasi hiyo."

"Kama milimita tatu, mjomba."

"Iite unavyotaka."

Mlango uliporudishwa, bibi aliufungua na kuufunga mara sita. "Nimeridhika," alisema. "Ila dirisha msilizibe."

Mjomba akatoa ufunguo mfukoni. Mpwa hakuupokea mara moja.

"Mjomba, nimemfungia mama yako ndani!"

"Ndiyo maana nakupa. Hutasahau."

Mwezi uliopita Mungu alimchukua mjomba, katikati ya mvua. Siku tatu watu waliingia na kutoka chumbani, kumpa bibi pole, na mlango haukukwama hata mara moja. Wageni walipoondoka, mpwa akatoa karatasi yake iliyochakaa, akaikunjua, akaupitisha ukingo wake kati ya mlango na fremu.

"Unapima nini tena?" bibi aliuliza, akiufungua mlango na kutoka.

"Sipimi, bibi. Namsalimia mjomba."

Bibi akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Basi mwambie," alisema, "leo nimetoka mwenyewe."