Foleni ya Matumbo

Umewahi kumwonea kijicho mtu unayelala naye kitanda kimoja? Usikimbilie kukana. Muuguzi mmoja wa wodi ya watoto, ambaye watoto wenyewe walimbandika jina la Sindano, naye angekana mpaka povu limtoke, hadi siku Mzee Lala aliposhuka ngazi kumtafuta mke wa Sindano huyo.

Mzee Lala alikuwa mtaalamu wa dawa ya usingizi katika chumba cha upasuaji, ghorofa ya juu. Alikaribia kustaafu, na hospitali ilikuwa imepata nafasi moja, moja tu, ya kumpeleka muuguzi masomoni akajifunze kazi hiyo. Sindano aliiomba kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikuwa na cheti kizuri, na vitabu viwili vya dawa ya usingizi alivyovisoma mpaka majalada yakaachia. Mkewe, muuguzi wa wodi hiyohiyo, aliomba siku ya mwisho, tena kwa kalamu ya kuazima.

Sasa Mzee Lala alisimama katikati ya vitanda akapaza sauti. "Yuko wapi yule binti wa jana? Yule aliyemwimbia mtoto mpaka akanipa mkono mwenyewe nimchome?"

"Binti gani, mzee? Huyo ni mke wa mtu," mfagiaji akamjibu.

"Basi mwenye mke ashukuru. Miaka thelathini nabembeleza watoto, sijaona aliyejaliwa kama yule."

Wodi ikacheka. Sindano, aliyekuwa anapima homa, akacheka kuliko wote, na kipimajoto kikakaa kwapani mwa mtoto mpaka mama yake akauliza, "Kaka, au unamwachia alale nacho?" Kijiba cha roho kilikuwa kimeshamkaa. Vitabu viwili! Na huyu kaimba tu.

Wodi ile ilikuwa na mambo yake. Nyuma ya mlango wa kabati la bandeji ilibandikwa karatasi ya majina ya wauguzi wanawake, na mbele ya kila jina, mwezi. Wenyewe waliiita foleni ya matumbo. Wauguzi walikuwa wachache, na wawili wakienda likizo ya uzazi kwa mpigo, wodi inapwaya. Hivyo Sista Mkuu, msimamizi wao, alipanga nani aanze kutafuta mtoto lini. Aliyeruka zamu alinuniwa mwaka mzima. Tangu lini tumbo la mtu likapangiwa ratiba kama kudeki korido? Lakini walitii, na Sindano hakuwahi kuuliza, maana jina lake halikuwemo wala lisingeingia kamwe.

Mwezi wa mkewe ulikuwa Januari. Alikuwa ameusubiri miaka miwili, na nyumbani walishasogeza kabati ili kitanda kidogo kipate pembe.

"Na ukipata masomo, mtoto je?" Sindano alimuuliza jioni ile, akijidai anatafuta soksi.

"Nimeshapiga hesabu. Masomo yanaanza Machi. Nikishika mimba Januari, nasoma na tumbo langu mpaka Septemba, najifungua, napumzika muhula mmoja, namalizia. Mama atakuja kunisaidia. Na wewe si upo?"

"Nipo."

"Mbona unasema kama mtu anayeng'olewa jino?"

Sindano akasema amechoka. Hakuwa amechoka. Alikuwa anamwona mkewe amevaa kofia ya kijani ya chumba cha upasuaji, madaktari wakimsikiliza, na yeye chini, wodini, akibadilisha mashuka.

Siku ya pili Sista Mkuu alimkuta chumba cha chai.

"Mmeniweka njia panda, mtu na mkewe. Nimpeleke nani?"

"Mpeleke anayefaa, Sista." Angeishia hapo, angekuwa mwanamume wa kuheshimiwa. Lakini alikoroga chai iliyokwisha korogwa, akaongeza, kama mtu aliyekumbuka ghafla, "Ila mwenzangu, Januari ni yake."

"Eh! Hata mimi nilikuwa nimesahau. Si ningepeleka mtu akalee mimba chuoni? Ahsante, baba."

Tusimtafutie kisingizio. Alijua anachofanya. Kabla ya saa kumi alikuwa na barua mfukoni yenye jina lake, ya kutangazwa asubuhi kwenye makabidhiano ya zamu.

Nyumbani alimkuta mkewe anapiga pasi. Habari zilikuwa zimemtangulia.

"Hongera," mkewe akasema bila kuinua macho. "Sista ameniambia kilichoniangusha ni Januari. Nani alimkumbusha?"

Sindano alitafuta uongo akaukosa. "Mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ungeipata."

Mkewe akaisimamisha pasi. Sindano alijiandaa kupigiwa kelele, na ingekuwa nafuu.

"Ungeniambia unaitaka sana, tungegombana yakaisha," alisema taratibu. "Lakini umenipitia nyuma. Mtoto hata hajaingia tumboni, umeshamfanya fimbo ya kunipigia."

Akamaliza kunyoosha gauni lake la kazi. La mumewe, koti jeupe, akaliacha na makunyanzi yake.

Asubuhi iliyofuata wauguzi wote walikusanyika mbele ya meza ya wodi, wa usiku wakipiga miayo, wa mchana wakifunga vifungo. Sista Mkuu akatangaza jina la Sindano. Wakapiga makofi. Mkewe naye akapiga, kisha akanyoosha mkono.

"Sista, nimenyimwa nafasi kwa sababu Januari natafuta mtoto, sivyo?"

"Binti yangu, si kunyimwa, ni utaratibu."

"Sawa. Basi huyu naye Januari anatafuta mtoto. Ni yuleyule mmoja."

Mfagiaji akaguna, na wanawake wakaangua kicheko mpaka watoto wakaamka.

"Mwandikeni na yeye kabatini!" mmoja akapiga kelele.

Sista Mkuu alimgeukia Sindano, uso umemwiva. "Baba, ni kweli?"

Sindano alimtazama mkewe amesimama wima, wodi nzima iko upande wake, akamwonea wivu hata kwa hilo, kwa ule ujasiri ambao yeye asingeupata katika kitabu chochote.

"Ni kweli, Sista."

Sista Mkuu akamnyang'anya barua. "Haya, pandeni juu wote wawili! Mzee Lala achague mwenyewe, mimi msiniulize tena."

Walipanda ngazi, mke mbele, mume nyuma. Juu, kilio cha mtoto kilijaa korido. Mzee Lala alikuwa mlangoni pa chumba cha upasuaji, nyuma ya mstari mwekundu ambao hauvukwi bila kofia, na kofia mkononi mwake ilikuwa moja. Sindano akampita mkewe, akanyoosha mkono. Mzee akaipitisha kofia ile juu ya bega lake, hadi kwa mkewe.

"Binti, fanya haraka. Huyu ananishinda."

Mkewe akaivaa, akavuka. Sindano akabaki ng'ambo ya mstari, mkono bado uko hewani, akisikia kilio cha mtoto kikipungua, kikipungua, mpaka kikanyamaza.