Tasbihi ya Binti Yangu

Mtaani kwetu Garissa watu walimpenda binti yangu kwa sababu ya tasbihi. Ilikuwa ile ya kisasa, ya kuvaa kidoleni kama pete, yenye kitufe cha kubonyeza kwa dole gumba na kijidirisha cha kuonyesha namba. Mama yangu alimnunulia sokoni siku ya Idi, mtoto akiwa na miaka minane, na tangu hapo haikumtoka kidoleni. Alikwenda dukani akibonyeza, alikaa mkekani akibonyeza. Wanawake waliokuja kunywa chai kwangu walimtazama wakasema mashaallah, mtoto mdogo hivi, hachoki kumtaja Mungu. Maalim wa duksi, chuo cha Kurani, alimsimamisha mbele ya wenzake awe mfano. Nami nikapongezwa. Niliambiwa nimelea.

Binti yangu hakuwa akimtaja Mungu. Alikuwa akihesabu mapigo ya moyo wangu.

Nianze na huo moyo, maana nimeusingizia mengi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, lugha ambayo mama yangu huiita lugha ya ofisini, kwa kuwa nyumbani sote ni Kisomali tu. Siku moja nilikuwa darasa la sita, nimegeukia ubao, moyo ukapiga mara mbili upesi upesi, ukanyamaza, kisha ukashuka kwa kishindo kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Chaki ikaniponyoka. Nilishika dirisha mpaka ulipokaa sawa. Wanafunzi walidhani nimekasirika, wakatulia tuli, na hiyo ndiyo faida pekee niliyowahi kuipata katika ugonjwa huu.

Hospitalini walinibandika nyaya kifuani, kisha wakanipa kimashine cha kuvaa siku nzima. Daktari, kijana wa bara mwenye subira, aliniambia mapigo yangu hayana mpangilio, lakini si ya aina ile ya kuogopesha. Alinipa vidonge vya kila asubuhi. Akaniambia nipunguze chai, nikamuuliza kama amewahi kuishi na Wasomali. Alicheka, kisha akasema jambo ambalo sikutaka kulisikia. Alisema moyo wangu una tatizo dogo, hofu yangu ndiyo yenye tatizo kubwa, na hofu nayo ina matibabu yake. Kuna mtu wa kuzungumza naye hapo hapo hospitalini kila Jumanne. Nilimjibu nitakuja. Sikwenda. Mwalimu mzima nikae kwenye benchi ambapo wazazi wa wanafunzi wangu wanapita, nikingoja zamu ya kuambiwa kwamba mimi ni mwoga?

Daktari alinifundisha pia kupima mapigo: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, saa ya simu, dakika moja. Hapo ndipo niliposhindwa kabisa. Nikijihesabia mwenyewe, kabla ya kufika ishirini hofu imenipanda, moyo unakimbia, hesabu inanipotea, naanza upya, na kila nikianza upya unazidi kukimbia. Alasiri moja niliketi jikoni nikitokwa jasho la baridi. Baba wa mtoto alikuwa Mandera kikazi. Huyo tunamwona mwisho wa mwezi, kama mshahara. Binti yangu akaingia kutafuta maji ya kunywa. Nikamwambia, "Njoo unihesabie."

Alifurahi, kama mtoto anavyofurahi akipewa kisu cha kukatia nyama kwa mara ya kwanza. Akaushika mkono wangu, akautafuta mshipa mpaka akaupata, na kwa mkono wake wa pili akaanza kubonyeza tasbihi. Mimi nikatazama saa.

"Themanini na nane, hooyo," akasema. Hooyo ndiyo mama kwetu. Sauti yake ilikuwa ile ile anayonisomea bei ya sukari. Hofu yote ikashuka. Nilimbusu kichwani, nikampa tende mbili.

Ningekomea hapo, leo nisingekuwa na cha kuandika. Lakini kesho yake nilimwita tena, na keshokutwa nikamwita mara tatu. Mwezi ulipokwisha sikuhitaji kumwita. Nikiwa nyumbani bila ushungi aliweza kuuona mshipa wa shingo ukipiga, hata haja ya kunigusa wala ya kutazama saa ikaisha. Mimi nakata vitunguu, yeye amesimama mlangoni, macho shingoni kwangu, dole gumba linakwenda. Nikihisi moyo umeruka nilimtazama tu, naye akainamisha kichwa: uko sawa. Nilijua si jambo jema. Naliandika hili waziwazi kwa sababu nimewahi kujidanganya kwamba sikujua. Nilijua, ndiyo maana sikumwambia mtu, hata baba yake. Wanawake waliposema mashaallah, nami nilisema mashaallah, nikawaongezea chai.

Mama yangu anaishi Bura, kule Fafi, na mbuzi wake. Huja mjini mara kwa mara na gari linaloleta maziwa, akauza, akatuona, akarudi. Binti yangu alipozaliwa, bibi yake alimtengea mbuzi jike, na wote waliozaliwa na mbuzi yule wakawa mali ya mtoto. Kila likizo huenda kuwaangalia. Mwaka ule mbuzi wake mweupe, aliyempenda kuliko wote, alikuwa karibu kuzaa kwa mara ya kwanza, na kwa miezi nilisimuliwa habari za mimba hiyo kuliko nilivyotaka kuzijua.

Shule zilipofungwa mama akaja kumchukua. Mtoto akasimama katikati ya chumba, mikono nyuma.

"Siendi, ayeeyo," akamwambia bibi yake.

Mama akadhani ni mzaha. "Na mbuzi wako?"

"Nina kazi."

"Kazi gani?"

Binti yangu alinitazama mimi. Mama naye akamtazama vizuri, akaiona tasbihi kidoleni, akatabasamu tabasamu ambalo mimi mtoto wake sijawahi kupewa. "Ni Kurani," akasema. "Hataki kuacha duksi. Basi mwache. Mbuzi atazaa tu."

Nafasi ya kusema ilikuwa hapo, pana, hata lori lingeweza kugeuza. Moyo wangu haukuwa ukiruka wala kukimbia. Ningeweza kumwambia mtoto panda gari, nenda, mimi si mgonjwa wa kulindwa na wewe. Lakini nilifikiria likizo nzima mimi na mkono wangu peke yetu, nikasema, "Kama hataki, tusimlazimishe." Nikampakia mama sukari na majani ya chai, nikamsindikiza hadi kwenye gari.

Mbuzi alizaa mapacha. Mmoja alikufa siku ya pili. Mama alipopiga simu binti yangu alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Haya, ayeeyo," akanirudishia simu. Hakulia. Aliniuliza kama nimekunywa dawa.

Muhula mpya ulipoanza mwalimu wake, mwenzangu katika shule hiyo hiyo, aliniita pembeni. Mtoto anaomba ruhusa ya kutoka mara nne, mara tano kwa siku, kuna nini? Nilijua anakokwenda. Nilikuwa nikimwona dirishani kwangu, anajifanya anapita kwenda mferejini, ananitafuta kwa macho. Shuleni nimejifunika na shingo haionekani, kwa hiyo alikuwa akiusoma uso wangu. Nami nilikuwa nikimwinamishia kichwa: niko sawa, rudi darasani. Nikamjibu mwenzangu kwamba labda ni minyoo. Akanishauri nimpe dawa, na nikampa, kusudi uongo wangu ukamilike.

Kisha Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nafua nguo uani, akaja amejishika kifua. Midomo ilikuwa imempauka.

"Hooyo," akasema, "na wangu unaruka."

Sikumbuki kama nilivaa viatu. Mama alikuwa mjini siku hiyo na maziwa yake, akakataa kubaki nyuma, tukaenda sote watatu hospitalini. Tulimkuta daktari yule yule. Wakambandika mtoto nyaya zile zile nilizobandikwa mimi, na kifua chake kilikuwa kidogo hata hazikupata pa kukaa. Nilisimama pale nikimwomba Mungu anipe mimi chochote kitakachotoka kwenye ile karatasi. Daktari akaisoma, akaisoma tena. Moyo ni mzima, akasema, hauna kasoro yoyote. Akavuta kiti karibu na mtoto.

"Wewe ulijuaje unaruka?"

"Nilihesabu." Akaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, mahali penyewe hasa.

"Nani alikufundisha?"

Binti yangu hakunitazama. Hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo, kwamba alijua asinitazame.

"Nilijifunza mwenyewe," akasema.

Mama akaingilia kwa Kiswahili chake. "Daktari, hii mtoto iko na dini tu. Nahesabu tasbihi, naomba Mungu. Hakuna kitu mbaya. Bole bole, usiuliza yeye maneno mingi."

Daktari akanigeukia. Hapo nikasema. Nilisema yote, jikoni, tende, mlango, dirisha, mbuzi. Lakini hata katika kukiri nilikuwa mwoga, kwa sababu nilisema kwa Kiswahili cha darasani, haraka haraka, sentensi ndefu za kuvaa suti, ili mama yangu asiambulie kitu. Daktari hakunigombeza. Alisema Jumanne hii nije, na nisipokuja atanipigia simu mwenyewe. Kisha akamwambia mtoto kwamba moyo wa mama una daktari wake, na yeye hajaajiriwa hapa. Mtoto akacheka kidogo, kwa adabu, kama mtu anayecheka kwa kuwa mwenyeji wake ametania.

Nje mama alimtuma mtoto dukani kununua maji, akaketi kwenye kivuli cha mwarobaini, nami nikabaki nimesimama.

"Mimi Kiswahili kukisema ndiko kunakonishinda," akaniambia kwa Kisomali. "Kukisikia nakisikia."

Sikuwa na pa kuweka macho.

"Nimefuga mbuzi tangu nikiwa mdogo kuliko huyu," akasema. "Mbuzi mzima anamnyonya mtoto wake, hilo sijaliona."

Hakupandisha sauti. Angegomba ningepata la kujibu, ningetaja vidonge, ningemwonyesha karatasi zangu za hospitali. Aliniambia tu kwamba mtoto ataondoka naye jioni hiyo, akakae Bura wiki mbili na yule pacha aliyebaki, na kwamba kama shule ina neno, mwalimu si mimi? Niseme nao.

Nyumbani nilimwita binti yangu chumbani, nikamwomba tasbihi. Akaivua. Chini yake ngozi ilikuwa na alama, duara jeupe kidoleni. Nikaifungia kabatini mbele ya macho yake. Nikamwambia nimemkosea. Nilimwambia kazi ile haikuwa yake hata siku moja, kwamba nilimpa kwa uoga wangu, kwamba pacha wa mbuzi wake alikufa yeye akiwa hapa ananihesabia mapigo na kosa hilo ni langu. Nilimwahidi imekwisha, na kwamba sitamtazama tena vile. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akasema, "Haya, hooyo." Lilikuwa lile haya la kwenye simu.

Jioni gari la Bura lilikuwa limeshawashwa. Mama amekaa mbele na madumu yake matupu, anatazama njia, hanitazami. Binti yangu akanikumbatia, shavu lake limebana shingo yangu juu ya ushungi, na hakuniachia. Nilidhani analia. Nikamwambia ni wiki mbili tu, mbuzi anakungoja. Kisha nikahisi kitu kinanigonga mgongoni, taratibu, karibu na bega. Lilikuwa dole gumba lake. Halikuwa na kitufe cha kubonyeza, linabonyeza kidole kitupu.

Nilipaswa kumwachisha. Hatua moja nyuma ingetosha. Haikuwa imepita hata saa moja tangu nimpe ahadi yangu. Nikasimama wima, nikatuliza pumzi ili asikosee, nikangoja amalize.

"Themanini na moja, hooyo," akaninong'oneza. "Uko sawa."

Akapanda gari. Na mimi, Mungu anisamehe, nikatulia.