Pumzi ya Zumari

Nilipokuwa nikisomea uuguzi katika mji wa Mahajanga, miaka ya mwanzo ya uhuru, nilikuwa mjuaji wa kuchosha watu. Somo la asubuhi kwa Kifaransa, jioni nilimfundisha yeyote aliyekaa karibu nami, kwa Kikomoro chetu, atake asitake.

Siku moja daktari alitueleza habari za wanaohamia milimani. Kule hewa ni nyepesi, oksijeni haitoshi. Figo huhisi upungufu huo zikatoa homoni, nayo husafiri mpaka kwenye uboho wa mifupa na kuuhimiza utengeneze chembe nyekundu zaidi. Huchukua wiki kadhaa. Ukirudi pwani, homoni hupungua, na polepole damu hurudi ilivyokuwa. Akaongeza kwamba hata wenye vifua vibovu huwapata hayo hayo, wakaapo popote. Hilo nililiandika tu, nikapita.

Mimi nilimfikiria kaka yangu, aliyekuwa akifanya kazi Antsirabe, juu kabisa milimani. Harusi yangu ilikuwa karibu, nyumbani Dzamandzar, kule kisiwani Nosy Be. Baba alikuwa amepiga zumari kwenye harusi za mabinti wa mji mzima, na tangu utoto wangu aliapa kwamba yangu hataigusa mtu mwingine. Lakini tumbaku ilikuwa imekwisha kumla kifua. Akipanda kizingiti hushika mwimo kwanza, aheme. Basi akampa kaka zumari.

Kaka aliniandikia kwamba huko juu akipuliza kidogo tu anatweta. Nikamjibu: "Vumilia, figo zako ziko kazini." Nikamkataza kushuka mapema, damu isije ikapungua. Akavuka bahari kutoka bandari ya Ankify siku moja kabla ya harusi, mashavu mekundu, na shangazi akamjazia sahani ya maini.

"Shangazi, maini ya nini? Huyu sasa ana damu ya watu wawili!"

"Basi na yule wa pili naye ale," akanijibu.

Siku yenyewe niliketi ndani, uso umefunikwa, nimekatazwa kucheka wala kuinuka. Bwana harusi alikuwa akiletwa kutoka msikitini. Zumari ikaja, ndefu, bila kukatika, nami nikavimba kichwa kana kwamba figo zile ni zangu. Ilipofika kwenye kona ya nyumba yetu, ikanyamaza.

Nikasema moyoni, kaka kaniaibisha.

Kisha ikalia tena. Pumzi fupi fupi, na mwishoni ule mtetemo niliousikia tangu nikibebwa mgongoni. Baba! Nikasimama, mtandio ukaanguka, shangazi akanivuta, nami sikukaa. Nililia kwa sauti, na nilikuwa na furaha isiyo kifani.

"Pumzi ningekuwa nazo mpaka Ankify," kaka aliniambia baadaye. Baba alikuwa ameweka kiti pale konani tangu asubuhi, akimngoja ampokee.

Ndipo nikakumbuka ile sehemu ya somo niliyoipita. Figo za baba nazo zilikuwa zikiita damu zaidi miaka yote ile. Alikuwa akiishi mlimani bila kutoka Dzamandzar, na mjuaji wenu sikuliona.

Kutoka konani mpaka mlangoni ni hatua chache tu. Baba alipuliza, akasimama kuhema, akapuliza tena, na kila aliposimama, bwana harusi na umati wote walisimama wakamngoja.