Bati Jipya na Uso wa Bi Harusi

Shule niliachia darasa la nne, na sioni haya kusema, maana studio yangu pale Bugene sikurithi kwa mtu. Nilianza na kamera ya kuazima, nikipiga picha za pasipoti mbele ya shuka lililotundikwa ukutani. Nikaja kwenye video za harusi. Sasa narusha droni mwenyewe. Kuna watu hushangaa mzee mwenye mvi kushika rimoti ya droni. Washangae.

Droni ina akili yake, na hiyo akili ndiyo inayoharibu kazi za wengi. Ukiiacha ijichagulie mwanga, ikitazama migomba inaona giza, inaongeza. Ikigeukia uwanja inaona weupe, inapunguza. Video inang'aa na kufifia kama taa yenye betri mbovu. Mimi naifunga isibadilishe kitu. Narekodi picha ishirini na tano kwa sekunde, kwa hiyo shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, naiweka sehemu moja ya hamsini ya sekunde, na mwendo wa mtu unatoka laini kama jicho linavyouona. Ukipandisha kasi ya shata kwa ajili ya kukimbia jua, majani ya migomba yanarukaruka kama yanachapwa fimbo. Jua likizidi, dawa ni kioo cheusi kinachovikwa kwenye lenzi. Kioo hicho hakibadilishwi droni ikiwa hewani. Unachagua ukiwa chini, basi.

Niliitwa Kamuli kwa mkulima wa kahawa aliyekuwa anamwoza binti yake. Nyumba yake katikati ya kibanja, shamba lake la migomba na mibuni, alikuwa ameiezeka upya, bati jeupe linalowaka hadi unafumba macho.

"Mzee, bati lionekane," akaniambia kabla sijafungua begi. "Ndugu zangu wa Muleba walikuwa wanasema nalala zizini."

"Nitaangalia jua linasemaje."

"Jua achana nalo. Wewe angalia bati."

Baadaye mkewe akatuma nimfuate sebuleni. Alikuwa ameketi na wanawake wenzake, kwa sababu katika ukoo ule mama hatoki nje binti anapoondoka, wala hamsindikizi. Anabaki ndani anasikia vigelegele vikienda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

"Amekuambia la bati?"

"Ameniambia."

"Mimi nataka uso wa mwanangu. Huyu mwanaume anayemwoa nilimkubali mimi. Nilipomuuliza binti mwenyewe, alinyamaza. Kila nikimtazama anaangalia chini. Nataka kujua anatoka hapa na moyo gani."

"Atalia tu," akadakia wifi yake. "Nani aliwahi kutoka bila kulia?"

"Machozi ya shughuli siyataki. Nimesema uso."

Nikatoka nje na vioo vyangu viwili mkononi, kizito cheusi sana na chepesi cheusi kidogo. Bi harusi angetoka chini ya mwavuli, uso kivulini, na nyuma yake bati lote likipokea jua la mchana. Kioo kizito kingelipa bati haki yake, hata mikunjo ikaonekana, lakini uso chini ya mwavuli ungekuwa shimo. Kioo chepesi kingeufungua uso, na bati lingeungua likawa weupe mtupu. Viwili kwa pamoja haviwezekani, anayekuambia vinawezekana hajawahi kurusha.

Nikavika kile chepesi. Mwenye nyumba alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Si ungeweka kile cheusi zaidi? Jua kali hili."

"Mimi nimekuja kukufundisha kupogoa mibuni?"

Akacheka, akaenda kupokea wageni.

Binti akatolewa na shangazi zake, ameinama, kitambaa machoni, mabega yanatikisika. Nikaiweka droni mbele yao kwa mbali kidogo, usawa wa vichwa, ikirudi kinyumenyume taratibu. Walipopita mibuni ya kwanza, shangazi mmoja akabaki nyuma kurekebisha kanga. Binti akainua uso kutazama kilichokuwa kinavuma. Mara moja tu, kisha akainama tena. Gari likaondoka naye.

Nikafungua kompyuta mezani sebuleni, mume na mke wakaketi.

"Bati langu liko wapi?" mume akauliza. "Mbona nyumba kama imefunikwa shuka?"

"Nyamaza," mkewe akasema. "Mzee, rudisha."

Nikarudisha. Binti ameinama, kitambaa machoni. Shangazi anabaki nyuma. Uso unainuka: macho makavu kabisa, na mdomo umebanwa kuzuia kicheko, kama mtu aliyepata alichokitaka na hataki waliompa wajue.

"Kumbe alimtaka," mama akasema. Akashusha pumzi. "Mjinga huyu. Miezi yote hii silali."

"Na ndugu zangu niwatumie nini sasa?"

"Waje. Bati haliendi popote. Mzee, rudisha tena."

Nikarudisha. Mwanaume akavuta kiti karibu, huku bado ananuna. Uso ulipoinuka akainamia kompyuta. Nikarudisha bila kuambiwa.

"Ujanja huo," akamwambia mkewe, "ni wa kwenu."