Vidole Viwili vya Kitambaa

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Bohari hakunionyesha kiti. Alinirushia suruali ya askari akasema, "Geuza ndani nje. Huku nje kila mtu anashona vizuri." Nikageuza, nikakagua mishono, na hiyo ndiyo ikawa kazi yangu mpaka nilipostaafu: mkaguzi wa ubora wa sare za jeshi.

Ninyi mnaoingia ofisi za ugavi leo mnaikuta sera ya kushona sare nyumbani na kudhani ilikuwepo siku zote. Wakati naanza, kombati, yaani ile nguo ya madoadoa ya kazini, ilitoka ng'ambo. Kuna wakati meli ilichelewa, nikawaona makuruti wakipiga kwata kwa suruali za michezo, kila mmoja na rangi yake. Sisi wadogo tulicheka. Wakubwa hawakucheka, kwa sababu nchi inayosubiri meli ili imvishe askari wake iko uchi pamoja naye. Ndipo ikaamuliwa kazi igawiwe karakana za hapa nchini, katika miji mbalimbali, ili moja ikikwama nyingine ziendelee.

Nikahamishiwa Kisumu, kusimamia karakana moja ya mtaa wa Kondele. Kiongozi wa mafundi alikuwa Mama Atieno, na yeye na wenzake walikuwa wameshona sare za shule miaka yote. Kwa ajili ya zabuni hii wengi walikuwa wamefunga vibanda vyao sokoni. Kielelezo, ile suruali ya mfano inayopigwa muhuri ili wote waifuate, nilikitundika ukutani mwenyewe.

Shehena ya kwanza ilirudishwa yote. Nilipogeuza ndani nje nikaona sababu: kila mshono wa kiunoni ulikunjiwa kitambaa cha ziada, upana wa vidole viwili, na pindo za miguuni vilevile. Askari akikaza mkanda na kubeba begi, mkunjo ule unamchubua nyonga.

"Mama, mbona hivi?" nikamuuliza.

"Atanenepa, Mzee. Na akimaliza, ndugu yake anavaa. Huku ukishona bila kuacha kitu, mzazi anakurudishia nguo."

"Hawa ni askari."

"Askari pia si ni mtoto wa mtu?"

Sikuweza kumkasirikia. Aliyekasirika ni Mkurugenzi wa Ugavi. "Askari harithishi suruali," aliniambia kwenye simu. "Warudi kwenye sare zao za shule. Tutaagiza ng'ambo."

Nilimwomba awape nafasi. Nikamwambia mikono ya wale mama haina kasoro, ila wana ukarimu uliozidi, na huo tunaweza kuupunguza kwa mkasi. Karakana tukiifunga, meli ikichelewa tena tutakimbilia kwa nani?

"Wairekebishe shehena hiyo hiyo," akasema. "Wakikosea tena, basi."

Wakafumua suruali moja baada ya nyingine. Mama Atieno alishika mkasi, akauweka chini, akaushika tena. "Sasa kitambaa kizuri hivi tunatupa?"

"Hatutupi, Mama. Tunachoma."

Ndiyo kanuni. Raia haruhusiwi kukaa na kitambaa cha jeshi, hata kipande. Tulivichoma nyuma ya karakana, mafundi wamesimama wakitazama, na mmoja akasema polepole kwamba pale ingetoka kaptula ya mtoto. Niliumia sana siku ile. Lakini shehena ilipita, na vyerehani vya Kondele vinalia mpaka leo.

Kama mna sikio la kunisikia, basi sikieni hili. Sera huandikwa Nairobi, lakini huku inakutana na watu wenye desturi zao. Kaeni nao kwanza kabla ya kuwafukuza.

Nilipostaafu, wale mama walinipa suruali ya kaki. Nilipofika nyumbani nikaigeuza ndani nje, mazoea hayo. Vidole viwili vya kitambaa, kiunoni na miguuni.

Nimeivaa mpaka imepauka. Juzi iligoma kufunga kiunoni, nikaipeleka Kondele. Mama Atieno, ambaye siku hizi anashona kwa miwani, aliifumua na kuipanua bila kuniuliza kitu.

"Hii haikuwa ya serikali," akasema. "Hii sikukata."

Kitambaa kilichojificha ndani kilikuwa bado na rangi yake ya kwanza, kwa hiyo sasa nina mstari mpya kila ubavu. Mke wangu ananisihi niipeleke ikatiwe rangi ilingane. Nimekataa, na Jumapili naivaa kanisani.